Gari Lilipoacha Kukohoa

Mimi ni mtu wa haraka, na kwa miaka mitatu nilikuwa na gari la kunitia aibu. Naanzia hapo kwa makusudi. Wanaoniuliza habari za mama mkubwa hutaka nianzie porini, kwenye barabara ya Kamango, lakini mambo hayakuanzia porini. Yalianzia hapa Butembo, kwenye mpando wa sokoni, mbele ya watu.

Lilikuwa pikapu la dizeli, la gia za mkono, usukani kulia kama magari mengi yanayotufikia kupitia Uganda. Halikuwa zee la kusamehewa wala jipya la kusifiwa. Mwili wake ulikuwa mzima. Ugonjwa ulikuwa katika kuondoka. Ukiinua mguu kwenye klachi, sisi tunasema ambreyaji, injini ilishuka, ikatetemeka, ikakohoa mara mbili, halafu, kama haikuzimika, ikaruka mbele kwa kishindo. Ukitoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini haikukubali kushuka pamoja na mguu wako. Ilibaki juu ikilia peke yake kwa muda wa mtu kumeza mate, ndipo ikatulia. Nilibadilisha sahani ya klachi. Nilibadilisha chujio la mafuta, nikasafisha njia za dizeli, nikanunua betri mpya. Ugonjwa ulibaki palepale.

Siku moja ya soko lilizimika katikati ya mpando, nyuma nimebeba magunia ya maharage, na pikipiki zimenizunguka kila upande zikipiga honi. Dereva mwenzangu alitoa kichwa dirishani akanipa pole ya kejeli. "Papa, hii gari iko na TB. Upeleke ku hôpital, hapana ku garage." Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, maana usipocheka unachekwa zaidi, lakini moyoni nilikuwa na hasira ya kutaka kuliacha pale pamoja na funguo zake.

Watu pekee waliolipenda gari lile jinsi lilivyokuwa walikuwa wanawake tisa, na mmoja wao alikuwa mama mkubwa.

Kwetu dada mkubwa wa mama ni mama. Aliyenizaa alifariki nikiwa darasa la pili. Huyu alinishika mkono kutoka makaburini mpaka nyumbani kwake, hakungoja kikao cha ukoo, na sikuondoka tena kwake mpaka nilipooa. Alikuwa na shamba la kakao kule chini, upande wa Beni, kandokando ya barabara inayoelekea Kamango. Butembo ni baridi, kakao haitaki. Kule kuna joto na inazaa vizuri. Na kule ndiko walikopita wale wa porini. Sitawapa jina. Kwetu hata mezani tunasema "wale," na mtoto wa miaka minne anaelewa. Walikuja na mapanga, wakaua, wakachoma, wakawachukua wengine, wakapotea. Halafu barabara ikatulia miezi kadhaa, kakao ikaiva bila kumwuliza mtu, na wenye mashamba wakaanza kurudi mmojammoja, kisha kwa makundi.

Nilimsihi aache. Nilimwambia shamba si mtu. Aliendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo, hakuniangalia.

"Ile kakao nilipanda na mikono yangu," alisema. "Nikiiacha, ni wale banaikula. Wewe unipeleke na unirudishe. Ingine hapana shauri yako."

Basi hiyo ikawa kazi yangu, kumpeleka na kumrudisha. Maharage na unga vilikuwa biashara, lakini kazi hasa ilikuwa hiyo. Magoti yake yalikuwa yameharibika. Alitembea kwa fimbo, polepole, akipumzika kila baada ya miti kumi, na kukimbia hakuweza hata kwa kufukuzwa na nyuki. Wenzake wanane wangeweza kukimbia. Yeye alikuwa na mimi na gari langu tu.

Tulikuwa na desturi zetu. Niliwapeleka Jumatatu asubuhi na kuwachukua Jumatano, saa nane mchana. Kulala shambani siku mbili kulionekana afadhali kuliko kuipita barabara ile kila siku, kwa sababu ni barabarani watu walikokamatwa zaidi. Walivuna, wakapasua, wakafunika mbegu kwa majani ya migomba, na walilala kila mara mahali tofauti. Simu waliziacha Beni. Simu inaweza kulia wakati mbaya.

Jumatano hawakukaa kando ya barabara kunisubiri. Hakuna aliyefanya hivyo. Walijificha ndani ya kakao, hatua kama hamsini, wakasikiliza. Honi sikupiga, maana kila mtu ana honi, na honi hazitofautiani. Ila kabla ya mahali petu palikuwa na daraja la miti. Lazima usimame, uangalie kama mbao ziko, ndipo uondoke tena kwa gia ya kwanza kupanda kilima kifupi. Hapo gari langu lilikohoa mara mbili, likaruka, na mbele kidogo likalia kile kilio chake cha kati ya gia. Hakuna gari jingine barabara nzima lililokuwa na sauti hiyo. Ndani ya kakao mmoja wao alikuwa akisema, "Mugonjwa wetu anafika," na wote tisa wakatoka na mizigo yao kichwani kabla sijazima injini.

Sheria ya mwisho ndiyo iliyokuwa kubwa. Mtu akiitwa jina lake kule, asijibu, hata akiitwa na ndugu yake. Ilikuwa imekwisha kutokea kwamba wale wanamkamata mtu, wanamsimamisha barabarani, wao wanalala majanini, na wanamwambia: ita watu wako. Mtu akaita. Watu wake wakatoka. Kwa hiyo anayekuita kwa jina kule hayuko peke yake, na kadiri sauti yake unavyoijua ndivyo unavyotakiwa kurudi nyuma. Sheria hiyo niliijua. Mimi mwenyewe niliwakumbusha kila Jumatatu, kwa sauti ya kiongozi, nikiwa nimeshika usukani.

Jumatatu ya mwisho gari lilizimika juu ya daraja. Tulikuwa tumesimama, tumeangalia mbao, wanawake wamemaliza fungu moja la rozari kama walivyozoea kabla ya kushuka. Niliinua mguu, likakohoa, likafa. Niliwasha, likafa tena. Katika ukimya ule nilisikia maji chini ya daraja na hakuna ndege hata mmoja. Nilihesabu vichwa nyuma yangu kwenye kioo nikafikiri: wakitokea sasa, tumekwisha, na mama mkubwa atakuwa wa kwanza. Mara ya tatu liliwaka, likaruka kwa nguvu hata mama mkubwa akagonga goti kwenye chuma cha ubavuni.

Aliposhuka alilisugua goti akanicheka. "Mutoto wangu, hii gari yako inaamuka kama muzee mu kiti."

Sikumwambia kitu. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba kesho yake nalipeleka kwa fundi mmoja wa Butembo aliyesifiwa, na nilitaka kumshangaza. Nilitaka Jumatano apande, niinue mguu, na gari liondoke bila kumtingisha. Kwa kweli nilitaka pia madereva wa sokoni wafunge mdomo. Sijui sababu ipi ilikuwa kubwa zaidi, na nimechoka kujiuliza.

Fundi huyo alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, aliyejifunza kazi Kampala. Karakana yake ilikuwa mabati manne na meza, na juu ya meza kompyuta yenye vumbi jekundu kati ya herufi. Hakufungua boneti. Aliingiza waya chini ya usukani, akaniambia niendeshe kuzunguka mtaa huku yeye amekaa kando akisoma namba. Tuliporudi alivua miwani.

"Patron, moteri yako hapana mugonjwa. Ni kichwa njo iko na shida."

"Kichwa gani?"

"Calculateur. Ile kompyuta yenye inaambia moteri ikunywe mafuta kiasi gani. Balipanga gari ya kutembea mu ville, mu lami, bila moshi. Donc ukiachilia ambreyaji, inakunyima mafuta. Ukibadilisha vitesi, zile gia, inakawia kuyakata. Moteri iko bien. Inatii tu."

Akaniambia iko mise à jour, kwamba waliolitengeneza gari wenyewe walikwisha kuona kosa hilo wakatoa programu mpya ya injini, na yeye alikuwa nayo. Kazi ya saa moja. Hatari yake moja tu: umeme ukikatika katikati ya kuandika, gari linabaki bila kichwa kabisa, halitawaka tena. Aliunganisha betri yangu na nyingine mbili, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu ingawa gari lilikuwa mahali tambarare.

Kabla ya kubonyeza aliniuliza, "Ile ya zamani, nikulindie? Nikishaandika inapotea."

"Ya nini?" nilisema. "Iende na ubaya wake."

Alibonyeza. Mstari wa bluu ukaanza kutembea kwenye kioo, polepole kuliko mtu mwenye magoti mabovu. Ulipofika karibu na nusu, taa ya karakana ilififia, ikarudi, ikafifia tena. Fundi alisimama kati ya betri na kompyuta, mikono mbele, kama anazuia kuku wasipite. Nilijikuta naomba, mimi niliyezoea kusinzia kwenye misa ya asubuhi. Taa ikarudi. Mstari ukafika mwisho.

Nikawasha. Nikakanyaga klachi, nikaweka gia ya kwanza, nikainua mguu bila kugusa mafuta, kama alivyoniagiza. Injini ilishuka kidogo, ikajishika yenyewe, na gari likaondoka. Sikuamini. Nikaenda ya pili, ya tatu, na kila mara injini ilishuka sawasawa na mguu wangu. Nilipanda mpando wa sokoni mara mbili bila haja yoyote. Mara ya pili nilisimama katikati makusudi, mbele ya yule dereva wa kejeli ya TB, nikaondoka na vidole viwili kwenye usukani. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Jioni nikarudi nyumbani, mtaa wa Vulamba. Siku zote mke wangu alifungua lango kabla sijafika, maana alinisikia tangu kona. Siku hiyo nilikuta limefungwa, na nilipobisha nikasikia mnyororo ukivutwa, si kufunguliwa, kufungwa zaidi.

"Ni nani?"

"Ni miye. Fungua."

Alifungua kidogo, akaliangalia gari kwanza, kisha mimi. "Nilizani ni mugeni," alisema. "Nilisikia gari, nikasema hii hapana ya kwetu."

Nilicheka. Nilimwambia azoee, mgonjwa amepona. Nilikula vizuri nikalala vizuri. Nimeirudia jioni hiyo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Mke wangu aliniambia neno lote, kwa lugha yetu, mlangoni pangu, na mimi nikaosha mikono nikakaa mezani.

Jumatano niliteremka Beni mapema. Mvua ilinyesha njiani, nikasimama nikafunga turubai juu ya sehemu ya mizigo ili wanawake wasikalie maji. Nilimnunulia mama mkubwa mto wa sponji wa kukalia. Kwenye bariyeri, kizuizi cha mwisho cha jeshi kabla ya mashamba, mwanajeshi aliyenizoea, mtu wa mkoa wa mbali aliyezungumza Kilingala, alishusha kamba akasikiliza nikiondoka.

"Papa, motuka na yo ebongi," aliniambia. Gari lako limepona.

"Ebongi," nikajibu, nikampungia mkono. Akanikumbusha kwamba saa tisa kamili kamba inafungwa.

Nilifika darajani dakika chache kabla ya saa nane. Mbao zilikuwepo. Nikaondoka kwa gia ya kwanza, gari likapanda kilima kimyakimya, likapokea gia ya pili bila kilio, na nikasimama mahali petu. Nikazima. Nikangoja waanze kutoka, nikiwa na tabasamu langu tayari.

Hakutoka mtu.

Nilingoja dakika tano. Majani ya kakao yalidondosha maji ya mvua. Mara moja, upande wa kulia, nikaona tawi limetikisika chini kuliko upepo unavyotikisa, nikajua wapo. Nikashuka nikasimama mbele ya gari ili wanione. Tawi likatulia. Ndipo nikaelewa. Walikuwa wanangoja gari linalokohoa. Hili lililokuja hawalijui.

Nikapanda tena, nikarudi nyuma mpaka darajani. Nilitaka kulikohoza. Niliinua klachi ghafla bila mafuta; injini ikajishika. Nikainua tena, vibaya zaidi, kama mtu anayejifunza siku ya kwanza, ikajishika. Kila nilipokosea, ile programu ilinisahihisha. Nikaweka gia ya tatu nikaachia kwa nguvu: likazimika mara moja, bila kikohozi, kisha likawaka kwa mguso wa kwanza. Nilipiga usukani kwa ngumi. Wangeweza kuniona, naamini waliniona, mtu anarudi nyuma na kwenda mbele juu ya daraja na gari geni, anahangaika peke yake. Sidhani niliwahi kuonekana mtu asiyeaminika kuliko saa ile.

Saa ilikwenda. Ilikuwa nane na dakika ishirini na tano. Kama wasingetoka sasa, wangelala huko usiku wa tatu bila chakula, na mama mkubwa na magoti yale, na wale sijui wako wapi. Nilirudi mahali petu, nikazima injini, nikasimama kwenye ngazi ya mlango. Nikaita.

Nilimwita kwa jina lake la ubatizo. Halafu kwa lile la nyumbani, ambalo sisi wachache tu tunalijua. Nikasema ni mimi, gari limetengenezwa tu, mutoke, hapana kuogopa, niko peke yangu. Kadiri nilivyosema niko peke yangu ndivyo sauti yangu ilivyotetemeka. Nilijua sheria. Niliivunja nikiijua, kwa sababu nilifikiri kwamba mapenzi yake kwangu yatakuwa na nguvu kuliko sheria. Mvua ilikuwa imekatika. Katika kakao hapakuwa na sauti yoyote, na lile tawi halikutikisika tena.

Saa tisa kasoro dakika kumi niliondoka. Kulala pale kusingemsaidia mtu, na kamba ikifungwa hata wanajeshi hawafungui. Hivyo nilijiambia. Nilipofika bariyeri yule mwanajeshi alitazama turubai, akalifunua kwa ncha ya fimbo yake, akakuta mto wa sponji.

"Bato wapi?" Watu wako wapi?

Nikamweleza. Alimwita mkubwa wake, nikaeleza tena. Mkubwa alisema kwa upole kwamba saa hiyo hawaingii, kesho asubuhi wataingia. Matone yalianza kudondoka upya tukiwa tunazungumza. Nilipita kamba nikaenda kulala Beni, kwa ndugu, bila kupata usingizi.

Alhamisi asubuhi wanawake wanane walitokea juu ya lori la mbao wanalolijua, wamelowa, wamekauka midomo. Niliwahesabu mara tatu kana kwamba ningekosea. Walisema tu kwamba mama ametengana nao jana. Waliwaonyesha wanajeshi upande alioelekea, nao wakaingia na wanaume wa huko, na mimi kati yao. Tulitafuta siku nne. Hatukukuta fimbo yake, wala kitambaa, wala kiatu. Siku ya tano palisikika risasi ng'ambo ya mto na barabara ikafungwa kwa wiki nyingi.

Tulisoma misa bila kusema ni ya nini, maana mtu asiyeonekana hana misa yake sawasawa. Wale wanane walikaa upande mwingine wa kanisa. Nikiwakuta sokoni waliinama kwenye mafungu yao ya mboga. Nilifikiri wananilaumu kwa kuwaacha, na nikaona wana haki. Nilikasirika pia, nitasema ukweli, nikasema moyoni: si ninyi mliomwacha mzee mwenye fimbo peke yake?

Mwezi wa tatu tangu siku ile, asubuhi moja, mmoja wao alikuja nyumbani. Alikuwa jirani wa shamba la mama mkubwa, rafiki yake tangu usichana wao. Mke wangu alimpa chai. Aliishika kwa mikono miwili bila kunywa.

"Baba," aliniambia, "tulikuwa karibu kutoka. Nikuambie hivyo kwanza. Ile gari hatukuijua, tukalala chini. Mais yeye alikuona uso. Akasema, ni mutoto wangu, labda amepata gari ingine, tungoje kidogo. Tuliona ile bâche, ile turubai nyuma. Hatukujua chini yake kuko nani."

"Hapakuwa na mtu."

"Sasa njo tunajua. Kiisha ukaenda ku daraja, ukarudi, ukaenda. Tukasema anafanya nini? Yeye akasema tungoje. Kiisha ukaita. Wewe mwenyewe njo ulikuwa unatufundisha. Uliita majina yake yote mbili, na sauti ilikuwa ya mutu mwenye ananyongwa. Akashika mukono yangu. Akasema, bamemushika. Bako mu bâche, bako banamulazimisha."

Mke wangu alitoka nje. Mimi nilibaki nimekaa.

"Tulimuambia tukimbie wote. Tungemubeba, baba, sisi wanane tungemubeba. Akakataa. Akasema, ninyi mukimbie huku, miye napita mu kakao mpaka ku bariyeri, naenda kuitia mutoto wangu basoda ba jeshi. Akasema magoti itafika tu. Tulimuona mugongo yake, na fimbo, anaenda haraka vile hajaendaka miaka mingi. Mvua ikaanza tena, hatukumuona tena."

Nilimwuliza kama ana hakika kwamba mvua ilianza tena saa hiyo. Alisema ana hakika. Mvua ile ilinikuta mimi bariyeri, mahali alipokuwa anakwenda kuniombea msaada. Niliisikia kwenye paa la gari, nikawasha vipanguzi vya kioo, nikainua mguu, na gari likaondoka vizuri sana.